Traki za wimbo wa Amu mikononi mwa mtu wa mbali

Studio ninayofanyia kazi ipo Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, ambao wenyewe twauita Amu, ndani ya nyumba ya mawe ya zamani, na sehemu kubwa ya riziki yake hutokana na kurekodi kasida, taarab na nyimbo za harusi. Miaka ya karibuni imezuka kazi nyingine. Watu walio mbali, baadhi yao watoto wa Lamu waliokulia Uingereza au nchi za Ghuba, na wengine wapiga muziki wa kompyuta wa Berlin wasiojua neno la Kiswahili, wanataka wapewe nyimbo hizo zikiwa zimetenganishwa, kila sauti katika faili lake, yaani traki, ili wazirimiksi, maana yake wazichanganye upya kwa namna yao. Nimekaa pande zote mbili za kazi hii, kwa kuwa nami huletewa traki za wengine nizichanganye. Ninaloweza kusema ni kwamba upande wa kompyuta, ambao watu huuogopa, hujifunzika kwa jioni moja, na kwamba ugumu uko katika yale ambayo mpigaji, mwimbaji na mrekodi wanayajua bila kuambiana, na ambayo hayamo ndani ya faili lolote.

Nianze na huo wa kompyuta. Swali la kumuuliza anayezitaka traki, kabla ya kuwasha chochote, ni kama anataka kila maikrofoni peke yake au anataka sauti zilizokwisha kupangwa kwa makundi, yaani ngoma zote pamoja, vyombo vya nyuzi pamoja, waitikiaji pamoja. Wimbo mmoja wa kikundi kamili unaweza kuwa na traki zaidi ya 20, na mtu anayetaka tu kuiweka sauti ya mwimbaji juu ya mdundo wake mwenyewe hana haja ya kujua kwamba dumbak, ngoma ya mkono yenye kiuno, ilitegewa maikrofoni mbili. Mwingine, anayetaka kuijenga ngoma upya, atakasirika ukimpa ngoma zilizokwisha kugandana.

Mafaili yote yaanze mahali pamoja na yaishe mahali pamoja. Waitikiaji wakiingia dakika ya pili, faili lao halianzi dakika ya pili. Linaanza sifuri pamoja na udi, likiwa kimya mpaka zamu yao ifike. Kwa njia hiyo mpokeaji huyapanga yote kwenye mstari mmoja na wimbo unakuja wenyewe, awe anatumia programu gani. Nimewahi kupokea wimbo ambao kila kipande kilikatwa pale sauti ilipoanza kusikika, ikanibidi nikisie mahali pa kila kiitikio, na kukisia huko kulikula muda mwingi kuliko kuchanganya kwenyewe. Mwishoni nako ziachwe sekunde kadhaa baada ya pigo la mwisho, kwa sababu nyuzi za udi na mwangwi wa chumba havinyamazi mara mkono unapoondoka.

Umbo la faili ni WAV, yaani sauti isiyobanwa, ya biti 24, kwa kipimo kilekile cha kilohezi kilichotumika siku ya kurekodi, kiwe 44.1 au 48, kwani kukipandisha baadaye hakuongezi ubora wowote. MP3 haifai hata kama nia ni kupunguza uzito. Inatupa sehemu ya sauti, jambo ambalo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba programu inayotengeneza MP3 huongeza kimya kidogo mwanzoni mwa faili, hivyo traki zilizokuwa sambamba na nyingine zinaweza kuteleza.

Kuhusu nguvu ya sauti, wengi huacha kompresa na limita, vyombo vya kubana na kuzuia sauti isizidi, zikiwa zimewashwa kwenye mkondo wa mwisho, ule unaopitisha wimbo mzima, kisha wakatoa traki moja moja kupitia humo humo. Vyombo hivyo huitikia jumla ya sauti zote. Udi ukipita peke yake vinaufanyia jambo jingine kabisa, na mafaili yakikusanywa tena hayautoi wimbo ule uliousikia. Vizimwe. Kilele cha traki kikikaa karibu desibeli 6 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha juu, au chini zaidi, biti 24 zina nafasi ya kutosha. Kishawishi kingine ni kubofya kitufe cha kulipandisha kila faili hadi juu kabisa ili lionekane limeshiba; ukifanya hivyo, tari, ngoma ya fremu, iliyokuwa ikisikika kwa mbali nyuma ya mwimbaji inalingana naye kwa kelele, na uwiano ulioutafuta usiku kucha unapotea. Mimi huziacha traki katika uwiano wa miksi yangu, ili mpokeaji akiweka vidhibiti vyake vyote kwenye sifuri, yaani bila kupandisha wala kushusha, asikie wimbo kama tulivyousikia sisi, kisha auvuruge apendavyo.

Mwangwi na marekebisho mengine huzua ubishi zaidi. Sauti ya mwimbaji huitoa mara mbili, moja kavu na moja ikiwa na kila nilichoiongezea. Kumpa mtu iliyopikwa peke yake ni kumkabidhi mahamri na kumtaka akande chapati. Lakini si kila kiongezwa ni pambo: pale ambapo mpiga kinanda cha umeme alisikiliza mwigo wa noti zake ukirudi na akapiga akiujibu, mwigo huo ni sehemu ya upigaji, na ukiuondoa unaacha mashimo ambayo mpokeaji hatajua yametoka wapi.

Haya yote yanaweza kusomwa popote. Chumba chetu je? Wapiga taarab hawapendi kutengwa. Huketi karibu, wakitazamana, fundi wa udi akimwashiria mpiga dumbak kwa nyusi, na ukimfungia mmoja kwenye kibanda cha vioo wimbo unapoa. Kwa hiyo maikrofoni ya udi inaisikia dumbak, na ya mwimbaji inawasikia wote. Kuta nene za mawe na zidaka zake, yaani vishubaka vyake, hulisambaza jambo hili kwa namna ninayoipenda, lakini mtu wa mbali anayefungua faili lililoandikwa "udi" hutarajia udi mtupu. Akiifuta dumbak kwenye traki yake ataisikia bado ikipiga ndani ya udi, na akiisogeza ili ikae sawa na mashine yake atapata dumbak mbili, moja mahali pake na nyingine kivuli chake. Sauti huchukua takriban milisekunde 9 kusafiri mita 3, na tofauti hizo ndogo kati ya maikrofoni ndizo zinazokipa chumba upana wake, kwa hiyo ukisogeza traki moja bila nyingine unakivunja. Siwezi kulitibu hilo kwa kutoa faili vizuri zaidi. Ninaloweza ni kumwandikia ni maikrofoni gani inasikia nini, na ni traki zipi zisitenganishwe.

Nilipokuwa nikiyaeleza haya, mtu mmoja aliniuliza kama ningeweza kumpatia traki za santuri za zamani. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, aliporekodi Bombay mwaka 1928, sauti yake na vyombo viliingia pamoja katika mfuo mmoja, na hakuna kabati lolote duniani lenye udi wake peke yake. Siku hizi zipo programu zinazojaribu kutenganisha sauti zilizokwisha kuungana, na kwa santuri chakavu matokeo yake mara nyingi husikika kama mtu anayeimba chini ya maji. Kinachopatikana ni kile kilichotengwa siku ya kurekodi.

Chumba kina wageni wengine. Punda hulia bila kuomba ruhusa, mashua za injini hupita, na adhana huingia dirishani kutoka pande zaidi ya moja. Tunaporekodi husimama adhana inapoanza, lakini aghalabu mwanzo wake huwa umekwisha kuingia kwenye mkia wa mwimbaji. Punda nimemwacha mara kadhaa, na kuna mpokeaji aliyemgeuza kuwa mdundo, tukacheka. Adhana huiondoa kabisa kabla ya kutuma, hata ikibidi kufupisha mkia wa noti nzuri, kwa sababu kwa asiyejua ni sauti ya kuvutia ya mji wa pwani inayoomba kurudiwarudiwa juu ya muziki wa dansi, na mwimbaji wangu, ambaye ni imamu na baba wa watu, ndiye atakayeulizwa mitaani. Mazungumzo kati ya beti nayo hukatwa: watu husahau kwamba maikrofoni iko wazi na husengenya. Pumzi za mwimbaji siziondoi, kwani mtu anayeimba bila kuvuta pumzi husikika kama amebandikwa.

Wakati wa wimbo ndio ulionifundisha zaidi. Nyimbo zetu hazipigwi kwa kufuata mlio wa mashine. Wimbo huanza pole, hukaza waitikiaji wanapoingia, hulegea shairi linapohitaji kusikilizwa, na anayefanya kazi kwa gridi ya kompyuta, ile mistari inayoonyesha mapigo, huhitaji kuambiwa kila pigo liko wapi. Programu hukisia, na hukisia vibaya, kwa sababu ngoma nyingi za huku, chakacha mojawapo, huhesabika kwa sita, na sita hiyo sikio linaweza kuigawa tatu mara mbili au mbili mara tatu. Kompyuta iliyozoea hesabu ya nne hujilazimishia nne yake, na mpokeaji hulitia pigo lake zito la chini mahali ambapo mwanamke yeyote aliyewahi kupiga vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, angeona aibu kutua.

Kwa hiyo hukaa na mpiga dumbak mwenyewe. Ni mtu wa makamo, namwita ami kwa sababu alisoma chuo na baba yangu, na hana haja na kompyuta. Huketi ubavuni mwangu, hufumba macho, na kidole chake hugonga meza kila mahali wimbo unapoanza duru mpya, nami nabofya alama kila kidole kinaposhuka. Mara ya kwanza nilimwonyesha kwenye kioo kwamba mlipuko mkubwa zaidi wa ngoma yake hauko pale alipogonga. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, hapo ndipo ninapompa kishindo mchezaji," akasema. "Wimbo unaanza hapa, mahali nisipopiga." Hakuna programu ambayo ingelijua hilo, kwa sababu mwanzo wenyewe ulikuwa kimya. Alama hizo huzihifadhi kama faili la MIDI linaloeleza mwendo wa wimbo, pigo kwa pigo, na hulituma pamoja na traki. Linapofunguliwa, gridi ya mpokeaji hujikunja kuufuata wimbo badala ya wimbo kukunjwa kuifuata gridi.

Kisha kuna sauti zenyewe. Mji huu ndiko alikozaliwa Zein l'Abdin, fundi wa udi, na udi hauna vigawanyo shingoni, hivyo kidole hutua popote sikio linapotaka. Kinanda cha kizungu huigawa oktava katika hatua 12, kila moja senti 100, senti ikiwa kipimo kidogo cha umbali kati ya noti. Katika maqamu, yaani mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu, kama Rast, noti ya tatu haiko kwenye senti 300 wala 400 kutoka ya kwanza, bali huelea karibu na 350, juu kidogo au chini kidogo kulingana na mpigaji na mahali wimbo unapoelekea. Mpokeaji asiyelijua hili hufanya moja ya mambo mawili. Huweka koda za kinanda, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, chini ya mwimbaji na kusikia kwamba kuna kitu kinachokwaruza. Au huamua kwamba mwimbaji ametoka nje ya noti na kumpitisha kwenye programu ya kunyoosha sauti. Nimerudishiwa kazi ya aina hiyo ya pili. Mama wa makamo aliyekuwa akiliza ukumbi mzima alisikika kama kengele ya simu, na mtengenezaji wake alikuwa ameandika kwa adabu kabisa kwamba amerekebisha noti chache.

Tangu hapo kila mfuko wa traki hufuatana na maelezo ya sauti: noti ya kwanza ya wimbo ni ipi, imeshuka au imepanda senti ngapi kutoka kipimo cha kawaida cha kufungia vyombo, hezi 440, kwani fundi hufunga udi kwa kumfuata mwimbaji na si kwa kufuata mashine, na ni noti zipi zinazokaa kati ya vitufe vya kinanda. Huongeza shauri moja: chini ya noti hizo asiweke koda kamili, bali noti ya kwanza na ya tano pekee, ambazo hazigombani na yeyote. Wapo waliolifuata shauri hilo na wakatoa kazi nzuri kuliko miksi yangu, na ninalisema hilo bila kinyongo.

Maneno ya wimbo nayo hutumwa, yameandikwa yote, kila mstari na dakika na sekunde yake, pamoja na maana kwa lugha anayoielewa mpokeaji. Anayerimiksi hutafuta kipande kifupi cha kurudiarudia, na hukichagua kwa sikio. Shairi letu lina mizani 16 kwa mstari, 8 upande mmoja na 8 upande wa pili, na mkato ukianguka katikati ya upande, kina kinapotea na mstari unachechemea. Hilo ni kosa la uzuri tu. Liko kosa la maana. Tuchukue mstari niliojitungia hapa kwa mfano: "Sitakuacha mpenzi, hata dunia ikisha." Silabi ya kwanza ni nyepesi, na mtu asiyejua Kiswahili, akitafuta mwanzo wenye nguvu, huikata na kuanzia kwenye "ta". Sasa mwimbaji anasema "takuacha mpenzi", naye anarudia hivyo dakika nne mfululizo, harusini kwa watu. Kwa hiyo kwenye karatasi ya maneno huweka alama mahali panapokatika bila madhara na mahali pasipoguswa, na penye fumbo huandika kwamba maana iko kwenye mstari unaofuata, asiutenge na mwenzake.

Majina ya mafaili hayahitaji falsafa, yanahitaji uvumilivu. Namba, chombo, kisha sifa yake: 01 mwimbaji kavu, 02 mwimbaji na mwangwi, 03 udi karibu, 04 udi chumba. Chombo kisichojulikana kwake kielezwe aina yake, kwa mfano kwamba dumbak ni ngoma ya mkono yenye kiuno na kwamba tari ni ngoma ya fremu, ama sivyo ataikuta "tari" na kudhani ni jina la mtu.

Kabla ya kutuma, ninafungua kazi mpya, tupu, katika kompyuta nyingine, naingiza mafaili yote na kuyasikiliza mwanzo hadi mwisho. Huu ndio ukaguzi pekee unaotazama kile hasa atakachokipokea mwenzangu. Ukitaka uhakika zaidi, weka pembeni miksi yako iliyotolewa bila kompresa wala limita ya mwisho, igeuze mawimbi yake juu chini, na uipige pamoja na traki ulizoandaa, bila zile nakala za ziada: kama kila kitu kipo na kiko mahali pake, sauti hufutana na unabaki na kimya, na kama kuna traki iliyosahaulika inajitokeza peke yake. Mwangwi wenye mawimbi ya kubahatisha hautafutika kabisa, lakini huo utautambua.

Uzito wa mfuko hutegemea jambo moja ambalo wengi hulipuuza. Traki ya maikrofoni moja ikitolewa kwa mkondo mmoja, kwa biti 24 na kilohezi 48, hula takriban megabaiti 8.6 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika 6 wenye traki 20 hupita gigabaiti moja kidogo. Programu zikiachiwa hutoa kila kitu kwa mikondo miwili inayofanana, na mzigo unakuwa maradufu bila faida. Kwa intaneti yetu tofauti hiyo ni ya kutuma usiku na kumaliza, au kutuma usiku na kukuta asubuhi imekatikia njiani.

Mfuko hautoki kabla ya ruhusa kuandikwa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi wa maneno, mtunzi wa muziki, wapigaji na mwenye rekodi, kila mmoja kwa haki yake, na haki ya mtunzi huendelea miaka 50 baada ya kufa kwake. Hapa Amu hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu mashairi mengi tunayoyaimba ni ya baba na babu za watu tunaosali nao, na warithi wao wapo, wanajulikana, na hukutana nawe njiani. Karatasi yangu ni fupi: nani ameridhia, mgao ukoje kama kutakuwa na fedha, majina yaandikweje, na kwamba traki zisipewe mtu wa tatu. Wapo waliosita kuitia saini, nami sikuwatumia.

Baada ya hapo kazi asilia isifutwe wala kuhamishwa, hata kama diski imejaa. Anayerimiksi atarudi, mara nyingi usiku wa kuamkia siku ya kutoa wimbo wake, na karibu kila mara huomba kitu kilekile: kiitikio bila mwimbaji mkuu ndani yake. Mimi huwarekodi waitikiaji mara moja zaidi, peke yao, siku ileile ya kurekodi, wakiwa bado wameketi na kahawa haijamalizika.